Sauti Iliyopotelea Katikati

Siku ya soko hapa Masisi-Centre mtu hatembei, anasukumwa. Magunia ya maharagwe yanapita juu ya vichwa, motari wanapiga honi za pikipiki zao mpaka mbuzi wanakata kamba, na kila mwenye bafle, lile sanduku la spika, anaifungua mpaka mwisho ili wateja wajue yupo. Evode naye alikuwa ameifungua yake. Kibanda chake cha mbao kilikuwa kati ya muuza maharagwe na fundi cherehani, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: EVODE TEKNISYE. RADIO, TELEVIZYO, AMPLI. HAKUNA KINACHONISHINDA.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na ulimi usiojua kuzunguka. Kitu kikiwa kibovu alisema ni kibovu, hata mwenyewe akilia. Watu walimwamini kwa sababu hiyo.

Saa nne hivi, kapu la jibini lilisimama mbele ya kibanda. Chini ya kapu kulikuwa na mwanamke mrefu, kikwembe cha kijani chenye maua ya manjano, sweta nyekundu kwa ajili ya baridi ya mlimani, na bote za plastiki zilizojaa matope. Mgongoni alibeba gitaa ndani ya mfuko uliokuwa zamani pazia la mtu.

"Kaka," alisema, "hii bafle yako inasema bongo."

"Inasema nini?"

"Inadanganya. Kelele iko mingi, lakini besi haiko. Muntu wa besi amejificha fasi gani? Mi simusikie."

Evode alimtazama kuanzia kapu mpaka bote. "Dada, fundi wa hapa njo mimi. Wewe unauza fromaji."

"Fromaji nauza. Masikio sijauza."

Muuza maharagwe alicheka mpaka akaketi juu ya gunia lake. Evode hakucheka. Alizima bafle, akatoa bisibisi, akaifungua hapo hapo mbele ya watu, apate kumwaibisha huyu mama wa jibini. Ndani aliona spika mbili alizozibadilisha mwenyewe wiki mbili kabla. Waya za moja zilikuwa zimegeuzwa, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Spika moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi yote ilikuwa inakufia humo kati yao.

Alirudisha kifuniko, akakaza skrubu. Lakini mwanamke alikuwa ameona uso wake.

"Ulipata?"

"Nilipata kitu."

"Kitu gani?"

"Nipe namba yako. Nikimaliza nitakupigia usikie."

"Haya," mwanamke alisema, akaweka kapu chini. "Mi naitwa Verdiane, mutoto wa Papa Makuza. Usinipigie asubuhi, asubuhi nakamua ngombe."

Kesho yake saa sita mchana Evode alipiga simu, akaisogeza mbele ya bafle dakika nzima.

"Sasa?"

"Sasa muntu wa besi amefika kazini," Verdiane alijibu, na Evode akasikia kwamba anatabasamu.

Mambo yalianza hivyo. Verdiane alishuka soko mara mbili kwa wiki, na kabla ya kuuza jibini alipita kwenye kibanda. Alipiga besi katika korali, kwaya ya kanisa, gitaa likiwa mali ya korali naye mtunzaji wake. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kabla hajahamia Goma. Korali nzima ya watu arobaini ilikuwa na mwanamke mmoja tu kati ya wapiga vyombo, naye alikuwa huyo.

Evode alimtengenezea redio ya baba yake, kisha pasi ya dada yake, kisha akaishiwa vitu vya kutengeneza, akaanza kuuliza habari za ng'ombe.

"Wewe ngombe zinakuhusu nini?" Verdiane alimwuliza kwa simu. "Kwenu munalima maharagi."

"Nataka kujua zinakula nini."

"Zinakula majani, chéri. Kuna ingine swali?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita chéri, mpenzi. Evode alisahau swali lingine.

Mvua za mwaka zilipokolea, Verdiane alianza kulalamika juu ya ampli ya korali. Ilikuwa ampli nzuri, mashine ya kukuza sauti ya besi, imenunuliwa Goma ikiwa imetumika kidogo. Kwa vile chumba pekee chenye kufuli kubwa na sakafu ya saruji mtaani kilikuwa nyumba ya jibini ya Papa Hakorimana, rais wa korali, ndimo ilimolala, kati ya rafu za jibini mbichi, ikifunikwa na turubai kama mgonjwa.

"Fundi wangu, ile ampli iko nachoka," alisema siku moja kwenye simu. "Sauti ilikuwa mukubwa, sasa kila juma inapunguka."

"Ulifungua kitufe cha volume?"

"Usinichokoze. Nilifungua yote. Sikia: nikiwasha, ile pumzi ya mashini, shiii, iko na nguvu vile vile. Ila mimi njo niko mbali. Sauti inaingia muzuri, kisha inapotelea katikati."

Evode alicheka. "Mupenzi, ampli haina tumbo. Iko na mwanzo na mwisho."

"Kila kitu kiko na katikati."

"Sawa, daktari. Nitakuja kuiona."

Alisema atakuja, na hakwenda. Kazi zilikuwa nyingi. Wakati huo huo jubilei ya parokia ilikuwa imebaki wiki tano, na korali za Walikale zilikuwa zimealikwa, na kila mtu anajua korali za Walikale zinavyopiga. Kwenye mazoezi maneno yakaanza. Wengine walisema ampli imezeeka. Wengine, wakiongozwa na Thierry, mpasuaji mbao mwenye mabega mapana aliyeitamani ile besi tangu zamani, walisema mashine haina shida, shida ni vidole vya mwanamke. Papa Hakorimana alikata shauri: aitwe fundi, aseme mbele ya wote.

Jumamosi ile Evode alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Tuseme ukweli, alilivaa kwa ajili ya Verdiane. Alitaka amwone akifanya kazi yake kama bwana. Korali yote ilikuwa imesimama ndani ya kanisa, wanawake wakiwa na vikwembe vyao vya sare vya bluu, na Verdiane alikuwa mbele, gitaa mkononi, akimwangalia kwa macho ya mtu ambaye wakili wake ameingia mahakamani.

Evode alipima umeme wa jenereta. Ulikuwa kamili. Alibadilisha kebo, akaangalia fyuzi, akagusa spika kwa kiganja. Kisha akaizungusha ampli, akatafuta matundu mawili ya nyuma ambayo watu wengi hawajui kazi yake, akachomeka simu yake kwenye moja na kufungua muziki.

Mabati yalitetemeka. Kuku waliokuwa mlangoni walikimbia. Mama Claudette wa sauti ya kwanza aliziba masikio.

"Munasikia?" Evode alipaza sauti, na jasho la ushindi likamtoka. "Ampli iko nzima. Muache kutafuta shida kwa mashini. Muangalie mukono."

Alisema vile alivyozoea kusema, bila kuzunguka. Watu arobaini waligeuza macho kwa pamoja kuangalia mkono wa Verdiane, uliokuwa bado juu ya nyuzi.

Hapo ndipo alipotambua amesema nini. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, tena alikuwa na hakika nalo. Verdiane alichomoa kebo, akaikunja vizuri kama inavyotakiwa, akaweka gitaa juu ya benchi. Alipita karibu na Evode kama mtu anavyopita karibu na nguzo.

Jioni alirudisha sare yake kwa Papa Hakorimana, imefuliwa na kukunjwa. Thierry akapewa besi. Siku ya tatu Verdiane alipanda pikipiki kwenda Kashebere, upande wa Walikale, kwa dada yake Estelle anayeuza chumvi, sabuni na mafuta kwa wapitao barabarani.

Evode alipiga simu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alijibiwa.

"Verdiane, mi nilisema ukweli wa mashini."

"Ulipima na nini?"

"Na simu."

"Gitaa haukupima?"

"Mi sijue kupiga gitaa."

"Lakini mi nilikuwa hapo, Evode." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nilikuwa na gitaa kwa mukono. Ungesema tu: chérie, piga, nisikie. Ningepiga. Haukuniuliza hata neno moja."

Simu ikakatika. Baada ya hapo haikupokelewa tena.

Jumapili mbili zilipita. Jumapili ya pili Evode alikwenda misani, akakaa benchi ya mbele. Thierry alisimama na gitaa kama mtu aliyeshika shoka. Alipiga nyuzi kwa mkono ule ule unaopasua mbao za msituni kutwa nzima, mishipa ya shingo imesimama. Besi ilisikika kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya nyumba ya jirani. Thierry aliongeza nguvu, uzi mmoja ukakatika ukamchapa shavuni. Sauti haikuongezeka.

Evode aliacha kusikiliza mahubiri. Kama mkono wa Thierry haukutosha, basi hakuna mkono duniani ungetosha.

Alasiri hiyo alimwomba Thierry gitaa na Papa Hakorimana ufunguo. Ndani ya nyumba ya jibini hewa ilikuwa nzito na chachu. Maji ya maziwa yalidondoka kutoka kwenye rafu, tone kwa tone, na ukuta ulikuwa na unyevu wa kulowanisha kidole. Alitoa ampli nje kwenye mwanga, akaketi juu ya ndoo, akaanza upya kama mwanafunzi.

Gitaa kwanza. Aliwasha jenereta, akalichomeka kwenye bafle yake aliyoileta kutoka kibandani, akagonga uzi kwa kidole gumba. Lilinguruma. Gitaa zima. Akalichomeka kwenye ampli: sauti ndogo. Simu tundu la nyuma: sauti kubwa. Basi mwisho wa ampli ulikuwa mzima, na mwanzo je? Akayageukia yale matundu mawili. Kwenye moja sauti hutoka, kwenye lingine inarudi. Yamewekwa kwa wenye vyombo vya kuchezea sauti. Asiye navyo huyaacha wazi, na sauti inapita ndani kwa ndani, juu ya kiulimi kidogo cha shaba kinachogusa chuma chake.

Siku ile alipochomeka simu kwenye tundu la kurudi, muziki uliingilia nusu ya njia. Uliruka kile kiulimi na kila kilicho kabla yake. Alikuwa amepima mguu mmoja akatangaza mtu mzima anatembea.

Alichukua kebo fupi, akaunganisha tundu la kutoka na tundu la kurudi, ili sauti izunguke kwa nje. Akagonga uzi.

Ng'ombe wa Papa Hakorimana waliinua vichwa.

Alifungua ampli. Kiulimi cha shaba kilikuwa kijani, kimeliwa na unyevu na ule uchachu wa maziwa, kinagusa kwa kubahatisha. Alilowesha kipande cha karatasi ngumu kwa alikoli, akakipitisha polepole, mbele na nyuma, mpaka shaba ikarudi rangi yake. Kazi ya dakika kumi. Sauti ilikuwa inapotelea katikati, kama alivyoambiwa kwa simu na mtu asiyejua hata jina la kile kidude.

Jioni alimsimulia Nestor, motari rafiki yake, aliyekuwa akiosha mnyororo wa pikipiki.

"Sasa umetengeneza," Nestor alisema. "Kuna tena shida gani?"

"Nilimusemea vibaya mbele ya watu. Lazima niseme nilikosea."

"Mbele ya watu?" Nestor aliacha mnyororo. "Wewe uko muzima? Pale juu ya mulango umeandika nini? Ukisema ulipima vibaya, nani atakuletea tena hata torosi ya kumulika? Sema tu kile kidude kiliharibika juma hii. Siku ile kilikuwa kizima. Nani atajua?"

Wazo lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kiasi kwamba Evode alilala nalo, akaamka nalo, akalipakia pikipiki pamoja na yeye mwenyewe siku ya pili yake, Nestor akimpeleka Kashebere.

Barabara ya Nyabiondo ilikuwa uji. Mara tatu walishuka kusukuma, mara mbili walisimama kwenye barieri kueleza wanakokwenda. Walifika saa nane, wamefanana na tope. Verdiane alikuwa mbele ya duka la dada yake akipima chumvi kwa kikombe, kitambaa cheupe kichwani, amekonda kidogo. Hakuacha kupima.

"Karibu. Unataka chumvi?"

"Nakutaka wewe."

"Mimi siuzishwe kwa kikombe," alisema.

Estelle, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha karibu, alileta benchi akakaa mwenyewe katikati yao. "Semeni tu, mi sisikilize," alisema, akisikiliza.

"Nilifungua ampli," Evode alianza. "Ulisema kweli. Sauti ilikuwa inapotelea katikati. Kuna kiulimi cha shaba ndani, kilikuwa kimeoza na hewa ya ile nyumba ya fromaji. Nimesafisha. Sasa iko nzima."

Mkono wa Verdiane ulisimama juu ya gunia.

"Kilioza lini?"

Evode alimwangalia Nestor aliyekuwa amesimama kando ya pikipiki. Nestor alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo sana: juma hii, sema juma hii. Lilikuwa neno dogo. Lingemrudishia Verdiane, na kibanda kingebaki na maandishi yake.

"Kilioza lini, Evode?"

"Zamani," alisema. "Siku ile kilikuwa kimeshaoza. Mi sikukiangalia. Nilipima nusu ya ampli, nusu ile ingine nikaipima na mudomo."

Nestor aligeuka kuangalia msitu. Estelle alisema "Eee!" kwa sauti ndefu. Verdiane alimwaga chumvi ya kikombe ndani ya karatasi, akaifunga, akampa mteja aliyekuwa akingoja. Kisha akafuta mikono.

"Asante kwa kusema," alisema. "Lakini kule ulisema mbele ya watu makumi ine. Hapa unasema mbele ya Estelle na gunia ya chumvi."

"Na Nestor."

"Na Nestor. Haitoshi."

"Siku ya posho korali iko na mazoezi. Nitasema pale. Kuja usikie."

"Sitakuja. Nikikuja, utasema kwa sababu yangu. Nataka useme kama mi siko."

Hakumpa hata maji. Estelle ndiye aliyewapa.

Jumamosi ilipofika kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana jubilei ilikuwa imekaribia. Evode hakuvaa shati jeupe. Alisubiri wimbo wa kwanza uishe, akasimama.

"Papa Hakorimana, naomba neno."

"Sema, fundi."

"Siku ile niliwaambia ampli iko nzima, muangalie mukono. Nilikosea. Ampli ilikuwa mugonjwa. Mi nilipitisha muziki nyuma, fasi haina ugonjwa, sikupima mbele. Mukono wa Verdiane haukuwa na kosa. Kosa ni yangu. Nilimusemea kitu chenye sikukipima."

Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi.

"Na ugonjwa ulitoka wapi?" Papa Hakorimana aliuliza.

"Kwa nyumba ya fromaji, Papa. Ule unyevu na maji ya maziwa vilikula shaba."

"Unasema fromaji yangu njo iliharibu ampli ya Mungu?"

"Fromaji haina kosa. Fasi njo haifai."

Mama Claudette alikuwa amesimama, vidole vikihesabu. "Ngoja kwanza. Ile televizyo yangu yenye uliniambia imekufa, ilikufa kweli?"

"Ilikufa kweli, Mama."

"Nani anajua? Ao hiyo pia ulipima na mudomo?"

Kanisa lilicheka. Evode alisimama akakipokea kicheko chote, maana hakukuwa na mlango mwingine wa kupitia. Mzee mmoja wa sauti ya nne alisema atakuja siku ya kwanza, Jumatatu, kuchukua redio yake. Mwingine akasema na yeye pia. Thierry peke yake alikuwa na uso wa mtu aliyetolewa mzigo kichwani.

"Mi nilisema ni ampli," alisema.

"Wewe ulisema ni vidole vya mwanamuke," sauti ilitoka mlangoni.

Verdiane alikuwa amesimama pale, koti la Nestor limemfika magotini, tope kwenye paji la uso. Nestor, nyuma yake, alinyanyua mabega kama anayesema alitumwa tu.

Evode alishindwa kujua tangu lini alikuwa hapo. Verdiane naye hakumwangalia. Alikwenda moja kwa moja mbele, akanyoosha mkono, na Thierry akampa gitaa haraka.

"Chukua, dada. Vidole vinaniuma. Kupasua mbao ni rahisi."

Verdiane aliketi juu ya kiti, akaukaza uzi mpya, akasikiliza, akalegeza kidogo. Kisha akapiga. Hakupiga kwa nguvu. Alitembeza vidole viwili kama anavyokamua, bila haraka, na sauti ikatoka nzito na pana, ikaingia chini ya mabenchi, ikapanda kwenye nyayo za watu. Mpiga ngoma aliinamisha kichwa na kumfuata. Sauti ya pili iliingia bila kuambiwa. Waliimba wimbo wote, wakaurudia.

Ulipoisha, Papa Hakorimana alikohoa. "Verdiane, mwanangu, sare yako iko kwangu."

"Nitaichukua, Papa. Lakini ampli isirudi kwa fromaji."

"Italala sakristia," mzee alisema, na jambo likaisha hapo, kama mambo ya wazee yanavyoisha.

Watu walitawanyika. Mama Claudette alipita mbele ya Evode akasema, "Kesho kutwa nakuja kuchukua maiti ya televizyo yangu," akaenda zake. Evode alikunja kebo zake, akatoka. Verdiane alikuwa amesimama nje karibu na ukuta, akikwangua tope kwenye bote kwa kijiti.

"Umepoteza wateja wangapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Watatu leo. Siku ya kwanza watakuwa wengi."

"Unajuta?"

Evode alifikiri, maana hakutaka tena kujibu kabla ya kupima. "Wateja, ndiyo, ninajuta kuwapoteza. Kusema, hapana."

Verdiane alitupa kijiti. Walitembea pamoja kuteremka njia ya kanisa, yeye upande wa ukuta, Evode upande wa mtaro. Ukungu ulikuwa unaondoka kwenye vilima, na mabonde ya malisho yalikuwa yanaonekana moja moja, na madoa ya ng'ombe juu yake.

"Ulisema hautakuja," Evode alisema.

"Nilisema useme kama mi siko. Ulisema kama siko. Nilimuita Nestor anilete, nikasikia kutoka mwanzo, nilikuwa nje ya dirisha."

"Na kama ningesema ingine?"

"Ningerudi kupima chumvi."

Walifika njia panda, mahali njia ya kwao Verdiane inapopanda kushoto. Alisimama. Evode naye akasimama, akabadilisha mkoba wa vifaa kutoka mkono huu kwenda ule, kisha akaurudisha.

"Verdiane."

"Mm."

"Nataka kutuma baba yangu mudogo kwenu. Aongee na Papa Makuza."

"Aongee nini?"

"Unajua nini."

"Najua, lakini sema. Wewe si muntu wa kuzunguka."

"Nataka nikuoe," Evode alisema. "Wazee wangu waje, waulize ngombe ngapi, mi nitafute. Na besi utapiga mpaka uchoke mwenyewe. Nilifikiria kumutuma juma ingine, nyuma ya jubilei."

Verdiane alimwangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shati jeupe. Alimwangalia sana, kama anavyosikiliza uzi uliokazwa upya. Alivua koti la Nestor, akampa alirudishe, akajifunga vizuri kikwembe kiunoni.

"Juma ingine ni mbali," alisema. "Siku ya tano baba anashuka Bweremana kuuza ngombe, hatarudi mbio. Mutume siku ya ine asubuhi, maziwa ikiwa imekwisha kukamuliwa."

Akaanza kupanda kilima. Alipofika kwenye kona aligeuka.

"Na umwambie avae bote," alisema. "Kwetu kuko matope."